Kwa Mgongo wa Mkono

Kibirizi, saa nne asubuhi, mama anaweka mgongo wa mkono
juu ya mchanga, anauondoa, anasema: bado.
Hasemi nyuzi ngapi. Bado ni kipimo.
Dagaa wa usiku watasubiri ndooni
mpaka mchanga uikubalie ngozi yake.

Mimi bintiye niko Gungu, chumba cha nyuma,
pazia jeusi limepigiliwa misumari,
na swali langu ni lile lile la mama, ila limesinyaa
hadi likaenea juu ya punje ya dhahabu:
panga elfu moja kwa mstari
ndipo upate upana wa unywele.

Dhahabu ikisagwa kiasi hicho inasahau unjano wake.
Ndani ya chupa ni nyekundu, kama mawese mepesi
ukiyainua dirishani.
Bukuru alipoiona mara ya kwanza
aliuliza kama inafaa kwenye maharage.

Tunaimulika kwa leza ya kijani. Juu ya punje
zimekaa molekuli za sumu ya shambani,
na mwanga ukiwaka zinavunjika upesi, upesi mno.
Nikaandika: ni nuru iliyofanya.
Nikapiga mstari chini ya neno nuru.

Bukuru akasoma, akajikuna shingo.
"Leokadia, na kama ni moto tu?
Kama nuru imefanya kazi ya kuni,
imepasha sufuria, basi,
na sufuria ndiyo iliyopika?"

Kipimajoto ndani ya maji kilisema ishirini na saba.
Lakini kipimajoto ni jitu. Kukiweka juu ya punje
ni kumkalisha kiboko juu ya yai
kisha umuulize kama lina joto.

Kwa hiyo hatugusi. Tunangoja mwanga unaorudi.
Mwingi unarudi ulivyokwenda, haukuona kitu.
Mchache unarudi umepungukiwa,
kama mchuuzi aliyetozwa ushuru getini.
Na mchache zaidi, mchache wa kuuonea huruma,
unarudi na ziada:
umepita kwa molekuli iliyokuwa ikitetemeka tayari,
ikaupa mtetemo wake.
Iliyopoa haina cha kutoa.
Yenye joto ndiyo inayowafungashia wageni.
Gawanya waliotoka na kifurushi kwa waliotoka wamepungukiwa,
na joto la pale pale, kwenye ngozi ya dhahabu,
linajitaja.

Usiku wa tatu umeme ulikatika mara mbili.
Jenereta la Songoro likakohoa nje, meza ikatetemeka,
mistari kwenye skrini ikawa nyasi.
Saa nane na robo nyasi zikalala,
vikabaki vilima viwili, kimoja kirefu,
kingine kifupi kama kichuguu.
Nikagawanya. Nikarudia.
Bukuru akagawanya nyuma ya risiti ya dizeli.

Tisini na nne.

Maji ishirini na saba, na ndani yake,
mahali padogo kuliko neno lolote nililonalo,
karibu pachemke.
Nikaufuta ule mstari chini ya nuru.
Neno sikulifuta. Maana tulipopasha chupa kweli,
gizani, hadi tisini na nne,
sumu ilivunjika, lakini kwa uvivu:
mwanga ulipovunja kumi, giza lilivunja saba.
Tatu sijui.
Tatu zina mkono mwingine.
Au leza yenyewe ndiyo inayowafungashia wageni
na mimi nahesabu hisani yake kuwa joto.

Saa nne niko Kibirizi, macho mekundu.
Mama anasema nanuka dizeli.
Namweleza yote, naye anasikiliza
akiokota mawe madogo kwenye mchanga, akiyatupa nyuma.
"Tisini na nne," anasema,
"na chapati zako zinaungua kila siku."

Kisha ananishika mkono, anaugeuza,
anaulaza chini kando ya wake.

Bado, nasema.

Tayari, anasema yeye,
na anaanza kumwaga.